Kutoka 44,100 Hadi 48,000 na Kurudi: Hotuba kwa Mafundi wa Sauti

Ndugu mafundi mitambo, wahariri wa vipindi, wapiga video mliokubali kukaa na watu wa sauti asubuhi nzima, na vijana mnaoanza kazi hii: karibuni, na habari za asubuhi.

Nianze na faili ambalo kila aliyemo humu ama ameshakutana nalo ama atakutana nalo. Wimbo wa kwaya umerekodiwa studio, ukapelekwa kwa mhariri wa video. Unaporudi, kina mama wanaimba kama watoto wa chekechea, na wimbo wa dakika 6 unaisha karibu sekunde 29 kabla ya picha. Mhariri anaapa hajagusa kitu, na kweli hajagusa. Faili lina sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa kila sekunde, mradi wake unasoma sampuli 48,000 kwa sekunde, na mahali fulani njiani programu ilizichukua sampuli zilezile ikazipiga haraka zaidi. Gawanya 48,000 kwa 44,100 unapata 1.088. Maana yake kasi imepanda kwa asilimia 8.8, na ki ya wimbo, yaani ujuu wa sauti yake, imepanda nusu toni moja na nusu, hivyo hata mpiga kinanda hawezi kuifuata. Kipindi cha saa nzima kinabaki dakika 55 na sekunde 7. Kosa likienda upande wa pili, saa moja inavutika hadi dakika 65 na sekunde 18, na mtangazaji anasikika kama mtu aliyeamshwa saa nane za usiku.

Hiyo 1.088 iwekeni kichwani, kwa sababu ndiyo kipimo cha kwanza cha uchunguzi. Faili likiwa refu au fupi kuliko inavyopaswa, gawanya urefu mmoja kwa mwingine kabla hujagusa kitufe chochote. Ukipata 1.088 au kinyume chake, 0.919, ugonjwa ni lebo. Ukipata tofauti ya moja kwa elfu, yaani sekunde 3.6 kwa saa, mtu ameleta video ya mfumo wa Marekani wa fremu 29.97 na imechanganywa na 30. Ukipata tofauti ndogo zaidi ya hapo, tatizo ni saa za mashine mbili zisizokubaliana, na hilo nitalirudia mwishoni kwa sababu dawa yake ni nyingine kabisa.

Sasa, lebo ni nini? Faili la WAV lina kichwa kifupi mwanzoni kinachosema: humu mna chaneli mbili, kila sampuli ina biti 24, zisomwe 48,000 kwa sekunde. Baada ya hapo ni namba tupu, moja baada ya nyingine. Namba hizo zenyewe hazijui zinakimbia kwa kasi gani. Kichwa ndicho kinachosema. Kwa hiyo kuna kazi mbili tofauti ambazo watu huziita kwa jina moja. Kazi ya kwanza ni kubadili kile kilichoandikwa kwenye kichwa. Namba zinabaki zilezile, kasi na ki vinabadilika. Kazi ya pili ni kukokotoa namba mpya kutoka kwenye zile za zamani, ili wimbo ubaki na urefu uleule na ki ileile, ila uwe umepimwa mara nyingi zaidi au chache zaidi kwa sekunde. Hii ya pili ndiyo kubadili kiwango cha sampuli. Ile ya kwanza ni kubadili lebo, na ina matumizi yake halali: kurekebisha lebo iliyokosewa.

Audacity, programu ya kuhariri sauti, imewachanganya wengi hapa, maana ina njia zote mbili na zinakaribiana kwa jina. Ukifungua menyu iliyo pembeni ya traki yenyewe ukachagua «Rate», umebadili lebo, na utasikia hapohapo sauti inavyoruka. Ukienda menyu ya juu, «Tracks», kisha «Resample», hapo inakokotoa. Wimbo ukibadilika ki baada ya kubofya, umeingia mlango usio wako, rudisha.

Kwa mnaotumia SoX, programu ya sauti inayoendeshwa kwa amri za kuandika, amri ya kwanza kila mara ni `soxi faili.wav`. Inakuonyesha kiwango, biti, chaneli na urefu. Ukigundua kwamba lebo inasema 44,100 wakati kinasa sauti kilikuwa kimewekwa 48,000, tiba ni hii:

`sox -r 48000 mbaya.wav sahihi.wav`

Ile `-r` imekaa kabla ya faili linaloingia, na mahali ilipokaa ndipo penye maana: unaiambia programu isiamini kichwa, isome 48,000. Ikikaa kabla ya faili linalotoka, ni amri ya kukokotoa. Neno moja, sehemu mbili, matokeo mawili tofauti.

Kijana mmoja atauliza kwa nini tusikubaliane namba moja tukapumzika. Hiyo 44,100 ni urithi wa mikanda ya video. Mwishoni mwa miaka ya 1970, chombo pekee cha bei inayovumilika kilichoweza kubeba data nyingi hivyo kilikuwa ni mashine ya kurekodi video, kwa hiyo sampuli za sauti zilichorwa kama nukta nyeupe na nyeusi ndani ya picha. Kwenye mfumo wa picha 50 kwa sekunde walitumia mistari 294 ya kila picha, sampuli tatu kwa kila mstari: 294 mara 50 mara 3 ni 44,100. Kwenye mfumo wa picha 60, mistari 245 mara 60 mara 3, ni 44,100 vilevile. Namba iliyokubalika pande zote mbili ikaingia kwenye CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1982, na hatujaweza kuiondoa. Watu wa picha walitaka namba inayogawanyika vizuri kwa fremu. Kwenye sinema ya fremu 24, sampuli 48,000 zinakupa 2,000 kamili kwa fremu, ilhali 44,100 zinakupa 1,837 na nusu, na nusu ya sampuli haikatwi. Ndiyo maana muziki wa CD ni 44,100 na chochote chenye picha ni 48,000. Mkiniuliza mimi, anayeanza mradi mpya leo arekodi 48,000 na biti 24, hata kama hana video. Video itakuja tu.

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Kigawo kikubwa kinachoingia kwenye namba zote mbili ni 300, kwa hiyo uwiano wa 48,000 kwa 44,100 ni 160 kwa 147. Sampuli 160 za kiwango kimoja zinachukua muda uleule wa sampuli 147 za kiwango kingine, na katikati ya hapo karibu hakuna sampuli mbili zinazokutana. Kwa nadharia, unapanda kwanza hadi 7,056,000 kwa sekunde, ambako namba zote mbili zinaingia, unachuja, kisha, kama unashuka hadi 44,100, unachukua sampuli moja katika kila 160. Programu nzuri hazifanyi kazi yote hiyo, zinakokotoa zile tu zitakazobaki, lakini jibu ni lilelile.

Neno zito hapo ni «unachuja». Ubora wa kazi hii uko kwenye kichujio. Kiwango chochote cha sampuli kinaweza kubeba masafa, yaani mitetemo kwa sekunde (Hz), hadi nusu yake, basi: 48,000 inabeba hadi 24,000 Hz, 44,100 hadi 22,050, na simu ya kawaida yenye 8,000 inabeba hadi 4,000. Unaposhuka, kila kilicho juu ya nusu mpya lazima kiondolewe kabla. Usipokiondoa hakipotei. Kinajikunja kwenye ule mpaka na kurudi chini, kikiwa sauti ambayo hakuna aliyeipiga.

Hili ni la kusikia kwa masikio, si la kuambiwa. Tengenezeni faili hili la mtihani, filimbi ya sekunde 8 inayopanda kwa mwendo sawa kutoka 20 Hz hadi 40,000 Hz:

`sox -r 96000 -n -b 24 mtihani.wav synth 8 sine 20:40000 gain -6`

Kisha lishusheni hadi 48,000 kwa njia mbili. Ya kwanza inatupa sampuli moja katika kila mbili bila kuchuja chochote, ya pili ni kazi ya kitaalamu:

`sox mtihani.wav -r 48000 mbaya.wav downsample 2`

`sox mtihani.wav nzuri.wav rate -v 48000`

Faili zuri likipigwa, filimbi inapanda, inakuwa nyembamba, na baada ya sekunde ya tatu hivi masikio ya mtu mzima yanaipoteza. Kimya hadi mwisho. Faili baya linaanza vivyohivyo, linapotea palepale, kisha baada ya sekunde ya sita filimbi inarudi kutoka juu ikishuka, hadi inafika 8,000 Hz, kali ya kuchoma sikio. Sasa fikirini: wakati huo faili la asili lilikuwa likipanda kwenda 40,000, mahali ambapo hakuna binadamu anayesikia. Filimbi inayoshuka imezuliwa na hesabu mbovu. Pigeni amri `sox mbaya.wav -n spectrogram -o picha.png` na mtaiona kwa macho: mstari unapanda, unagonga dari kwenye sekunde ya 4.8, na kurudi chini kama mpira uliogonga ukuta. Huo ndio mtihani wa programu yoyote ya kubadili sauti. Mkipewa programu mpya ya simu au tovuti inayojisifu, ipitisheni filimbi hiyo, muangalie picha.

Kwenye muziki madhara hujificha, kwa sababu juu ya 22,000 Hz hakuna vingi. Kwenye maneno ya simu hayajifichi hata kidogo. Herufi S ya Kiswahili ina nguvu zake nyingi kuanzia 5,000 Hz kwenda juu. Tangazo la IVR, yaani la simu inayojibu yenyewe, linalotakiwa liwe 8,000 Hz likishushwa bila kichujio, mvumo wa S wa 6,500 Hz unatua kwenye 1,500 Hz, katikati kabisa ya irabu, na kila «sasa» inasikika kama karatasi inayochanwa. Likishushwa vizuri, ule mvumo unaondoka, na S inabaki dhaifu. Ndiyo sababu kwenye simu «sisi» inaweza kusikika «fisi». Hilo la pili si kosa la fundi, ni udogo wa 4,000 Hz. Dawa yake iko kwenye kuandika tangazo: epukeni maneno yanayotegemea S peke yake kutofautishwa. Amri ya kutengeneza faili la simu ni `sox tangazo.wav -b 16 -c 1 simu.wav rate -v 8000`, chaneli moja, biti 16.

Mtu ataona kwamba kichujio kikali ndicho kizuri, basi tukikaze hadi mwisho. Subirini. Kichujio kinachokata ghafla sana kinaacha mtetemo mdogo kabla na baada ya mlio wa ghafla, kama ngoma au kofi, na mtetemo unaotangulia mlio haupo katika maumbile. Kwa kawaida unakaa karibu na 21,000 Hz na hausikiki, ndiyo maana sipotezi usingizi kwa 44,100. Kiwango cha `-v` cha SoX kinaacha asilimia 95 ya upana, yaani hadi takriban 20,900 Hz kwenye faili la 44,100, na hapo panatosha. Kwenye faili la 8,000, mtetemo huohuo unakuwa karibu na 3,800 Hz, ndani ya masikio ya kila mtu, kwa hiyo huko msikaze kupita hiyo `-v`.

Kuna jambo linalowashangaza hata wakongwe: faili ambalo kilele chake kilikuwa chini kidogo ya desibeli 0, dari ya sauti ya kidijitali, linatoka limepasuka. Kubadili kiwango hakuongezi sauti, ila sampuli mpya zinatua sehemu za wimbi ambazo za zamani ziliziruka, na kilele halisi cha wimbi kinaweza kuwa kilikuwa katikati ya sampuli mbili muda wote. Muziki wa siku hizi uliobanwa hadi ukutani ndio unaoumia zaidi. Shusheni desibeli 2 kabla ya kukokotoa, au fanyeni kazi kwenye biti 32 za desimali ambazo hazipasuki, kisha pimeni upya. SoX ina `-G` inayojilinda yenyewe:

`sox -G master.wav -b 16 cd.wav rate -v 44100 dither -s`

Angalieni mpangilio ndani ya amri hiyo: kiwango kwanza, ditha mwisho. Ditha ni kelele ndogo ya makusudi inayoongezwa wakati wa kushuka kutoka biti 24 hadi 16, ili mabaki ya hesabu yasishikamane na muziki. Bila ditha, mkia wa fidla unaofifia mwisho wa wimbo wa taarab unaanza kukwaruza kabla haujazimika. Ukiweka ditha kisha ukabadili kiwango, umeipoteza kazi yake na itabidi uiweke tena. Mara moja tu, hatua ya mwisho kabisa.

FFmpeg, programu nyingine ya amri, nayo ina mtego wake. Ukiandika `ffmpeg -i master.wav -ar 44100 toleo.wav` na master, yaani rekodi yako kuu, ni ya biti 24, unapata WAV ya biti 16 bila kuulizwa, kwa sababu hilo ndilo chaguo lake la kawaida. Kama bado unaendelea na kazi, andika wazi:

`ffmpeg -i master.wav -af aresample=resampler=soxr:precision=28 -ar 44100 -c:a pcm_s24le toleo.wav`

Ikilalamika kwamba haijui soxr, toleo lako lilijengwa bila hiyo maktaba. Tumia SoX kwa hatua hiyo.

Kuna imani ya studio kwamba anayelenga CD arekodi 88,200, maana inagawanyika mara mbili kamili, na kwamba 96,000 «inaharibu» ikishushwa hadi 44,100. Ilikuwa na ukweli wakati kompyuta zilikuwa dhaifu na watu wakitafuta njia za mkato. Leo kompyuta ya mezani ya kawaida inafanya 320 kwa 147 kwa usafi uleule wa 2 kwa 1. Tofauti mtakayoiona ni ya diski: stereo ya 96,000 na biti 24 inakula megabaiti 34.6 kwa dakika, ya 48,000 nusu yake, na ya CD 10.6.

Kupanda kiwango kuna imani yake pia, nayo inagharimu wateja fedha. Mahojiano yaliyorekodiwa kupitia hedifoni za Bluetooth mara nyingi yanaingia kwa 8,000 au 16,000, kwa sababu maikrofoni yake inapowashwa mawasiliano yanashuka hadi daraja la simu. Faili linaweza kuandikwa 48,000 juu yake, lakini picha ya `spectrogram` itaonyesha giza tupu juu ya 4,000 au 8,000 Hz. Kulipandisha kunalifanya liingie kwenye mradi bila malalamiko ya programu, basi. Kilichokatwa hakirudi. Mteja akikulipa kwa 96,000 ukampa hilo, umemuuzia ndoo kubwa yenye maji yaleyale.

Aina za mafaili niziseme haraka. MP3 haivuki 48,000, kwa hiyo master ya 96,000 itashushwa tu, utake usitake. Bora uishushe mwenyewe kwa programu unayoiamini. Opus haina 44,100 kabisa, hufanya kazi kwa 48,000 na viwango vinne vya chini yake, hivyo faili la CD likienda huko linakokotolewa. Mifumo ya kunukuu maneno kama Whisper inataka 16,000, chaneli moja. Na kila mara anza kwenye WAV au FLAC ya asili, usianze kwenye MP3: kukokotoa kiwango mara tano kwa kichujio kizuri hakutaumiza kama kubana MP3 mara ya pili.

Kwa wanaotoa albamu za maonyesho ya jukwaani au kisomo kisicho na mapumziko: badilini kiwango cha rekodi yote ikiwa moja, kisha mkate nyimbo. Mkikata kwanza, kila kipande kichujio chake kinaanza na kuishia kwenye kimya cha kubuni, na kwenye maungio mnapata «tik». CD inahesabu kwa vipande vya sampuli 588, yaani 1/75 ya sekunde, kwa hiyo mkato ukae kwenye kizidishio cha hiyo.

Limebaki lile la saa mbili zisizokubaliana. Kinasa sauti na kamera vyote vimeandikwa 48,000, lakini kila kimoja kinahesabu kwa fuwele yake ya saa. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni ni ya kawaida kwa vifaa vya bei rahisi, na kwa saa moja inafika sekunde 0.18, fremu nne na nusu za video ya fremu 25. Midomo inaachana na maneno polepole: mwanzo safi, dakika ya 20 unaanza kushuku macho yako, mwisho aibu. Kusogeza faili zima mbele au nyuma hakusaidii, utahamishia kosa upande wa pili. Pigeni kofi mbele ya kamera mwanzo wa shughuli na jingine mwisho. Pima umbali kati ya makofi hayo kwenye kila faili. Tuseme sauti inasema sekunde 7,200.00 na kamera inasema 7,200.36. Gawanya ya sauti kwa ya kamera, unapata 0.99995, kisha:

`sox sauti.wav sauti2.wav speed 0.99995`

Hiyo inanyoosha sauti kidogo sana, ki inashuka kiasi ambacho hakuna sikio litakalokijua, na kofi la mwisho linatua kwenye fremu yake. Msitumie zile zana za kunyoosha muda bila kugusa ki; zinakata sauti vipande na kuviunganisha, na kwa tofauti ndogo hivi madhara yake ni makubwa kuliko faida.

Meza ya mbele ina kompyuta tatu, na yale mafaili ya filimbi yapo tayari. Punguzeni sauti ya hedifoni kabla ya kupiga `mbaya.wav`, ile sekunde ya nane inauma. Waliokuja na mafaili yao wenyewe wapange foleni upande wa kulia, na kila mmoja awe ameshapiga `soxi` kabla ya kuniuliza.